Meza Moja Tu

Alikuja saa tisa mchana, jua la Kakuma likiwa bado limekaa juu ya mabati, na karatasi mkononi iliyokunjwa mara nne. Akaifungua mezani kwangu, akaweka kidole kwenye namba. Siku 19 kati ya 46.

"Ticha, hii si yangu."

Jina lilikuwa lake. Namba ya kadi ilikuwa yake. Nikamwambia ni yako.

"Mimi nilikosa ile wiki moja tu mama alilazwa. Siku tano. Hata uliza wenzangu."

Na mimi, mtoto niliyekulia kwenye foleni, nikamjibu: "Dada, kompyuta haidanganyi. Mfumo unaonyesha 19."

Nimeyaandika maneno hayo vile niliyasema, bila kuyapunguza, kwa sababu kila anayesoma jarida hili ameshayasikia kwenye dirisha fulani. Mfumo unaonyesha umeshapokea. Mfumo unaonyesha mko watu wanne, na nyinyi mmesimama pale saba. Mimi niliyasikia mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi, nimeshika kitenge cha mama, mwaka tuliofika kutoka Fizi. Sikuwahi kufikiri siku moja nitakaa upande wa ndani wa dirisha.

Haikuwa karatasi ya bure. Kulikuwa na shirika linachukua vijana kwa mafunzo ya mwaka mzima, na posho kidogo, na sharti lao lilikuwa mtu awe amehudhuria asilimia 80 ya siku zetu. Orodha nilikuwa nimeshaipeleka wiki moja kabla. Yeye hakuwemo.

Hakulia. Alikunja karatasi kwa mikunjo ile ile minne, akaenda.

Aliyeniamsha ni soja wa geti. Mzee yule hasemi sana, lakini alikuwa amesikia. Jioni nikifunga mlango akaniuliza, "Yule msichana ndiye unamwambia hakuja? Yule ananisalimia kila asubuhi kabla sijamaliza chai." Akatoa kitabu cha geti, kile kirefu chenye jalada gumu, kila mtu anaandika jina lake na saa yake kwa mkono wake mwenyewe. Tulihesabu pamoja kwa mwanga wa tochi ya simu. Siku 43. Tena kitabu kilikuwa na siku 48 za masomo, si 46. Hata ile namba ya chini ya programu yangu ilikuwa ya uongo.

Usiku huo sikulala, na si kwa sababu ya joto.

Sasa niwaeleze programu yenyewe. Iliandikwa mwaka 2017 na kaka aliyenitangulia kazini, kwa lugha ya Python, akitumia Flask, kifaa cha kutengenezea kurasa zinazofunguka kwenye simu. Kazi yake ni ndogo: kijana akifika, mtu wa mezani anaingiza namba ya kadi, programu inaandika kwamba fulani yupo leo. Mwisho wa muhula inatoa barua. Mwaka 2019 huyo kaka akapata safari ya Canada, akaniachia laptopu, chaja iliyofungwa kwa utepe, na faili moja lenye mistari 2,300. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne hapa hapa kambini na kujifunza Python kwa video zilizopakuliwa kwenye flashi. Nilijua kuwasha na kuzima, na kusahihisha maneno yaliyokosewa. Msimbo wenyewe niliuogopa kama unavyoogopa nyumba ya mtu aliyesafiri, hutaki kugusa sufuria zake.

Mwanzoni kulikuwa na meza moja. Baadaye vijana wakaongezeka, tukaweka meza tatu, kila moja na simu yake, zote zikiongea na laptopu kwa waifai ya ndani. Foleni ilikwenda polepole sana, watu wakinung'unika, lakini iliandika sawa. Mwaka 2023 ile laptopu ikafa kwa vumbi. Nikapewa nyingine, nikaweka Python mpya, nikaweka Flask mpya, nikahamisha faili. Ikawaka bila kulalamika. Na foleni ikawa nyepesi! Madam anayesimamia kituo alinipongeza mbele ya watu wote. Nilitembea siku hiyo kama mtu aliyenunua pikipiki.

Hapo ndipo nilipoleta ugonjwa.

Kwenye programu, kigeu ni jina unalolipa thamani ili uikumbuke. Kuna kigeu cha ndani: fankisheni moja inakizaa, inakitumia, ikimaliza kazi kinakufa, jirani hakijui. Na kuna kigeu cha wote: kinakaa juu kabisa ya faili, kila fankisheni inakiona na kila fankisheni inaweza kukibadilisha. Kaka yetu alikuwa na kimoja anachokiita mwanachama_wa_sasa. Simu ikileta namba ya kadi, programu inamweka huyo mtu kwenye mwanachama_wa_sasa. Kisha inasoma faili lote la mahudhurio kuhesabu siku zake. Kisha inaita fankisheni ya kuandika, ambayo haiulizi "niandike nani?" Inatazama tu kwenye mwanachama_wa_sasa na kuandika aliyepo.

Fikiria ubao umetundikwa mlangoni, umeandikwa "anayehudumiwa sasa". Kwa meza moja ubao huo hauna shida yoyote. Kwa meza tatu, naandika jina lako, nageuka kutafuta kitabu, na kabla sijageuka tena mwenzangu wa meza ya pili ameshafuta na kuandika mtu wake. Mimi narudi, nasoma ubao, namwandikia mtu wake. Yeye naye anamaliza, anamwandikia mtu wake mara ya pili. Wewe hupo popote, na hakuna aliyekosea.

Mbona zamani haikutokea, na meza zilikuwa tatu? Kwa sababu Flask ya zamani, ile toleo la 0.12 aliyotumia yeye, ilipowashwa kwa njia ya kawaida ilihudumia ombi moja moja. La pili linasubiri la kwanza liishe. Ule upolepole tuliokuwa tunaulaani ndio uliokuwa unalinda majina yetu. Kuanzia toleo la 1.0, la mwaka 2018, seva hiyo ndogo inahudumia maombi kadhaa kwa wakati mmoja bila kuambiwa. (Ni seva ambayo watengenezaji wenyewe wanaonya isitumike kwa kazi ya kweli. Sisi tulikuwa nayo hiyo.) Nilipoweka toleo jipya niliondoa foleni ya ndani, na ubao ukabaki mmoja.

Na kila siku ilizidi. Faili la mahudhurio likirefuka, kulisoma kunachukua muda zaidi, na muda huo ndio mlango wa kosa. Mwanzo wa muhula ilikuwa nusu sekunde, mwisho ilikuwa karibu tatu.

Niliposhika kitabu cha geti na kulinganisha mtu kwa mtu, niliona kitu kilichonikaa kooni. Waliopotea hawakuwa wavivu. Wavivu walikuwa sawa kabisa! Anayekuja saa nne hakuti foleni, yuko peke yake mezani, programu inamwandika vizuri. Aliyepotea ni yule anayefika saa mbili kamili mlango ukifunguliwa, meza tatu zikibonyeza kwa pamoja. Kulikuwa na ndugu wawili wa Sudan Kusini wanaoingia pamoja kila siku, mkubwa meza ya kwanza, mdogo meza ya pili nyuma yake kidogo. Mdogo alikuwa na siku 45. Mkubwa 12. Na mimi nilikuwa nimeshamwita yule mkubwa nikamhubiria, ati kwa nini unamwacha mdogo wako aje peke yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "sawa, ticha". Tumezoea kusema sawa.

Kwanza nilimkasirikia aliyeandika. Nikamtumia sauti ndefu ya WhatsApp, maneno mengine siyarudii hapa. Alijibu baada ya siku mbili, akitoka kazini usiku huko kwao kwenye theluji. "Kaka, pole. Lakini soma mstari wa 12." Nikafungua. Mstari wa 12, juu ya vigeu vyote, alikuwa ameacha maelezo: meza moja tu. Maneno matatu. Nilikuwa nimeyapita kwa miaka minne.

Katika faili alizowahi kuniachia kulikuwa na makala ya William Wulf na Mary Shaw, ya mwaka 1973, nchi yetu ikiitwa Zaire. Wanasema kigeu cha wote ni hatari, na hoja yao si kwamba kompyuta itachanganyikiwa. Ni mtu. Ukisoma fankisheni moja, huwezi kujua inafanya nini bila kujua nani mwingine, mahali gani pengine, ameshagusa kile inachokitazama. Inabidi ushike programu nzima kichwani kwa mara moja, na kichwa hakitoshi.

Baadaye nikasoma habari za Therac-25, mashine ya mionzi ya kutibu saratani. Kati ya 1985 na 1987, Marekani na Canada, wagonjwa sita walipigwa mionzi kupita kiasi kabisa, baadhi wakafa. Sehemu ya sababu ilikuwa hiyo hiyo: kazi kadhaa za programu zikitumia vigeu vya pamoja bila ulinzi. Mojawapo ya makosa yalitokea pale mhudumu mzoefu aliporekebisha maelekezo haraka kuliko programu ilivyotegemea. Na wagonjwa walipolalamika, mtengenezaji alijibu kwamba jambo hilo haliwezekani. Nilisoma hapo mara mbili. Silinganishi barua ya mahudhurio na kifo. Lakini lile jibu nililifahamu, nilikuwa nimelitoa mwenyewe kwa lugha yangu.

Usiku wa kwanza nilitaka kuitupa programu yote na kuandika mpya. Niliandika kwa usiku mbili, nikagundua nasahau mambo: watoto wenye kadi mbili, wale waliohama kwenda Kalobeyei wakarudi, yule ambaye jina lake kwenye kadi halifanani na jina lake. Hayo yote yalikuwa ndani ya ile mistari 2,300, mabaya kwa sura lakini yapo. Nikaacha upya wangu. Nikaamua kupanga upya kile kilichopo, yaani kubadilisha ndani huku nje ikiendelea kufanya kazi ile ile, kidogo kidogo, kituo kikiwa wazi kila asubuhi.

Nilichora jedwali nyuma ya bango la zamani. Kila kigeu cha wote, nani anakiandika, nani anakisoma. Vilikuwa 41. Kwa kweli karibu nusu havikuwa na ubaya wowote: jina la kituo, saa ya kufungua, njia ya faili. Havibadiliki, watu wote wavisome, hakuna shida. Niliviacha. Nasema hivi kwa sababu kuna vijana nimewafundisha sasa wakiona kitu cha wote tu wanataka kukipiga mawe. Tatizo ni kitu cha wote kinachobadilika huku kila mtu akidhani ni chake.

Kilichonichekesha ni tarehe_ya_leo. Kigeu hicho kiliwekwa mara moja tu, programu ikiwashwa. Kwa miaka yote umeme wa sola ulikatika usiku, laptopu inazimika, asubuhi tunawasha, tarehe inakuwa mpya. Kumbe siku mbili betri ilishika mpaka asubuhi. Programu ikaamka ikidhani bado ni jana, ikaona watu wote wameshaandikwa, ikanyamaza. Ndizo zile siku mbili za kitabu cha geti. Kukatika kwa umeme kulikuwa kunatusahihishia kosa, na sisi tunalalamikia umeme.

Ikanyamaza, nimesema. Hilo nalo. Mtu akiandikwa mara ya pili siku moja, programu ilikutana na neno la Python linalomaanisha endelea tu, usifanye kitu. Kila asubuhi ilikuwa inaona ajabu, yule mdogo anaingia mara mbili, mkubwa haingii, na ilikuwa imeamriwa kufunga mdomo.

Kabla ya kugusa chochote nilihitaji kosa litokee nikiliita. Niliandika programu ndogo inayojifanya simu mbili zinazobonyeza kwa pamoja, na katikati ya kusoma na kuandika nikaweka usingizi wa sekunde tano, makusudi, ili dirisha liwe wazi kabisa. Mara ya kwanza tu, mtu A akapotea, mtu B akaingia mara mbili. Nilipiga kelele ya furaha saa sita usiku mpaka mama akauliza kuna nini. Ni furaha ya ajabu, kumkamata mwizi na kukuta amevaa shati lako.

Kisha kazi yenyewe, ambayo haina habari nyingi. Unaanzia chini, kwenye fankisheni isiyoita nyingine. Ile ya kuandika ilikuwa na mabano matupu. Nikaipa vitu viwili ndani ya mabano: mwanachama, na tarehe. Sasa haiwezi kuandika mpaka apewe mtu, mkononi, kama vile hakuna anayepokea chakula bila kadi ya nyumba yake mkononi. Aliyeiita naye inabidi awe naye mtu huyo, kwa hiyo naye nampa mabano. Unapanda hivyo ngazi kwa ngazi mpaka mlangoni, pale simu inapoingiza namba. Kila hatua naendesha lile jaribio, na mengine niliyoandika kutoka kurasa za kitabu cha geti, naweka kwenye Git, nalala. Wiki tatu.

Niliteleza mara moja vibaya. Mabano yalikuwa yamejaa, fankisheni nyingine ina vitu sita ndani, nikachoka. Nikatengeneza furushi moja nikaliita muktadha, nikatupia kila kitu ndani, nikawa napitisha furushi. Siku mbili nilijiona mjanja. Siku ya tatu nikaona fankisheni ya barua inabadilisha tarehe ndani ya furushi na fankisheni ya hesabu inaisoma baadaye. Ulikuwa ubao ule ule, nimeutoa mlangoni nikauweka kwapani. Nikarudi nyuma. Fankisheni yenye vitu sita, dawa yake ilikuwa kuigawa, kwa sababu ilikuwa inafanya kazi tatu.

Mahudhurio yenyewe kwa kweli ni ya wote, hayo hayakwepeki. Niliyahamishia kwenye SQLite, mlango mmoja wa kuingilia, na sharti kwamba mtu mmoja kwa tarehe moja ni mstari mmoja. Ukirudia, skrini inakuwa ya njano na kusema nani karudiwa. Haiendelei tu.

Wenzangu hawakuona kitu. Kurasa ni zile zile, vitufe vile vile. Mmoja aliniuliza, "Wiki tatu umefanya nini?" Ningemjibu nini? Nimeondoa vigeu 23?

Barua mpya nilizitoa kwa kufuata kitabu cha geti, si programu. Vijana tisa walikuwa wamevuka asilimia 80 bila kujulikana. Nikachukua kitabu chenyewe, mzee akanisindikiza mpaka barabarani kwa kuwa hakukiamini kwenye boda, nikaenda ile ofisi. Dada wa mapokezi alikuwa mpole. Alitazama karatasi zangu zote. Akaniambia orodha imeshafungwa. Kwenye mfumo. Nilimtazama, nikaona uso wangu wa ile siku. Alipokea barua za wote tisa kwa awamu inayofuata, akagonga muhuri wa kupokelewa, bila ahadi.

Nilienda kwao yule dada jioni, nikavuka laga ikiwa kavu. Nilimkuta na mama yake wakichambua maharage. Nilikuwa nimepanga kueleza Flask na ubao. Nikasema tu, "Mama, nilimwambia mtoto wako hakuja, na alikuja. Kosa ni langu, niligusa programu bila kuisoma." Mama akaendelea na maharage kidogo. Kisha akauliza kama nimekula.

Dada alinyosha barua mpya mapajani. 43 kati ya 48. "Sasa mfumo unaonyesha nini?" akaniuliza. Nikamwambia unaonyesha alichoandika yeye mwenyewe getini. Hakutabasamu.

Bado anakuja, saa mbili kasoro. Anasaini kwa mzee, anaingia, anasimama meza ya kwanza na kutoa namba. Halafu hasogei. Anazunguka meza, anainama juu ya simu, anasubiri mpaka jina lake litokee, herufi zote, na tarehe ya leo pembeni. Foleni nyuma yake inalalamika. Namwacha asome.